Gesi ya kambini si ya kuchagua kwa rangi ya mtungi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa mambo ya utalii. Makala yake kuhusu Watanzania wanaoanza kukodi magari yenye hema juu na kujiendea mbugani wenyewe niliisoma mpaka mwisho na niliifurahia, maana ndiyo biashara inayoniweka mjini. Lakini alipofika kwenye habari ya kupika akaandika kwamba msafiri abebe mtungi wowote atakaoukuta dukani, kwa kuwa "gesi ni gesi". Hapo sikubaliani naye.

Mimi ni fundi, niko Njiro hapa Arusha. Naandaa magari ya kambi: nafunga hema juu ya Land Cruiser, natengeneza droo za vyombo kule nyuma, naweka friji ya betri, meza, viti, jiko na mtungi. Gari likirudi nalipokea mimi, na malalamiko yanashuka nalo. Zipu ya hema imekatika, friji imekula betri, sufuria moja haionekani. Hayo nimeyazoea. La mtungi ndilo lenye kelele zaidi, na kila mwaka linapamba moto miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti: "Fundi, umetupa mtungi nusu. Gesi imetuishia Ngorongoro."

Nakumbuka familia moja kutoka Dar es Salaam, baba, mama na watoto wawili. Baba alishuka kwenye gari amekasirika, hakutaka hata maji ya kunywa. Alitaka twende wote kwa aliyetuuzia gesi, sasa hivi, na mtungi mkononi. Tukaenda. Mwenye duka, kijana mstaarabu, akausoma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, akauweka mtungi kwenye mizani, akatoa hesabu mbele yetu. Ndani kulikuwa bado na gesi zaidi ya kilo mbili. Akafunga jiko juu yake, akawasha palepale nje ya duka, jua la saa sita likiwa kichwani. Moto wa buluu, umesimama, unavuma. Yule mzee akautazama, akaniuliza, "Sasa kule juu ulikuwa na nini?"

Swali lile ndilo makala yenu ilipaswa kulijibu, na kwa kuwa haikulijibu, nitajaribu mimi.

Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, ukitikisa unaisikia. Inayofika kwenye jiko ni mvuke wake tu. Na hicho kimiminika kwa kawaida ni mchanganyiko wa gesi mbili, propeni na buteni (kwa Kiingereza propane na butane). Tabia zao zinapishana sana. Propeni huchemka na kugeuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni, kwa usawa wa bahari, inagoma mara tu joto likishuka nusu nyuzi chini ya sifuri. Mtu wa Kariakoo hana haja ya kujua hilo hata siku moja, kwa sababu jikoni kwake hakuna baridi ya namna hiyo wala haitakuja. Ndiyo maana anaweza kusema gesi ni gesi na asipate hasara.

Sasa mpeleke Simba, kambi iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Julai. Hewa yenyewe bado iko juu ya sifuri, kweli, na huko juu buteni inasaidiwa kidogo na mwinuko, maana presha ya hewa ni ndogo na kila kitu huchemka mapema. Lakini baridi inayoua jiko inazaliwa ndani ya mtungi wenyewe. Kila gesi inapogeuka mvuke inanyonya joto kutoka kwenye kimiminika kilichobaki na kwenye chuma kinachokizunguka. Mtungi ulioanza na nyuzi sita au saba asubuhi, ukichemshia maji ya kuoga na ya chai mfululizo, unajigandisha wenyewe. Ukiushika utaona: juu chuma kina ubaridi wa kawaida, ukishusha mkono unafika mahali vidole vinashtuka, na kuanzia hapo kwenda chini kuna ukungu mweupe unaokwangulika kwa kucha. Ule mstari ndio unaoonyesha kimiminika kilipoishia. Gesi ipo, unaiona kabisa ilipo, na moto juu yake umenywea, maji hayachemki.

Kuna jambo la pili, na hili hata madereva wazoefu wengi hawalijui. Propeni na buteni haziondoki mtungini kwa kiasi sawa. Propeni ina haraka, inatangulia. Kadiri unavyopika ndivyo kilichobaki ndani kinavyozidi kuwa buteni. Kwa hiyo mtungi ulio karibu kwisha si mtungi uleule mdogo zaidi. Ni gesi nyingine, ile isiyopenda baridi.

Tazama sasa ratiba ambayo karibu kila mtu anayetoka Arusha anaifuata. Tarangire kwanza, kwenye joto. Halafu Serengeti, Seronera, bado hakuna shida. Mwisho kabisa, wakati wa kurudi, unalala Ngorongoro. Yaani unapeleka mtungi uliochoka mahali penye baridi kuliko pote ulipopita. Ningekuwa mwandishi wenu, hiyo ndiyo sentensi ambayo ningeipa wino mweusi: kama safari inaishia kwenye kreta, mtungi mpya uwe wa kreta. Anza na ule uliotumika, umalizie Serengeti, na ule wenye lakiri ukate ukingoni. Au geuza safari, anza na kreta. Wateja wangu wanaofanya hivyo siku hizi wanarudi wanalalamikia zipu tu.

Wengine huniambia dawa ni kuupasha mtungi moto. Nimemkuta mtu na macho yangu ameusogeza mtungi karibu na makaa ya moto wa kambi, anauzungusha kama mshikaki. Nilimwita kwa sauti ambayo sijawahi kumwita mtu mzima. Mtungi wa gesi hausogezwi karibu na moto wala hauwekwi jiko lingine chini yake. Ukilazimika, usimamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, utaona moto unaamka. Na usiulaze ubavu ukidhani utatoa zaidi. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye mpira na kutokea kwenye jiko, na hapo utauona moto wenye urefu wa mtu.

Wenzetu wa Ulaya wamelitatua hili kwa njia rahisi: wanamwambia mnunuzi kilichomo ndani. Uingereza, watu wenye karavani, yaani vile vinyumba vya magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari, wanapokwenda dukani wanachagua. Kwa kampuni kubwa ya huko, Calor, mtungi wa buluu ni buteni na mwekundu ni propeni. Wa kiangazi tu anachukua buteni, anayelala nje mpaka majira ya baridi anachukua propeni, na wengi wanabaki na propeni mwaka mzima wasisumbuke. Hata regyuleta, vile vifaa vinavyopunguza presha ya gesi kabla haijafika kwenye jiko, zilikuwa mbalimbali, ya buteni presha ya milibari 28 na ya propeni 37, mpaka karavani za miaka ya 2000 zilipoanza kufungwa regyuleta moja ya milibari 30 inayomudu zote mbili. Propeni ina presha kubwa, kwenye joto la nyuzi 20 ni kama mara nne ya buteni, kwa hiyo mtungi uliotengenezwa kwa buteni peke yake haujazwi propeni. Mambo haya yanajulikana kwa mstaafu yeyote wa kule mwenye karavani, nao wanaweza kuyajadili jioni nzima, nimewasikia.

Hapa kwetu rangi ya mtungi inakuambia jina la kampuni, basi. Haisemi lolote kuhusu kilichomo. Mitungi yote inayopita mikononi mwangu nimeisoma juu mpaka chini: uzito mtupu upo, uzito wa gesi upo, onyo la moto lipo. Uwiano wa propeni na buteni sijaukuta. Mama lishe wa Tabata hauhitaji. Mpishi anayepandisha mtungi Kilimanjaro anauhitaji, kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na kila dakika ambayo jiko linazubaa ni wali unaobaki mbichi. Mkulima wa Makete anayewasha jiko asubuhi ya jalidi anauhitaji pia. Na mimi nauhitaji.

Nirudi kwenye kuchagua, maana msomaji anayepanga safari ya sikukuu atataka namba. Jiko la kawaida la kambi, la moto wa kiasi cha kilowati mbili, linakula kama gramu 150 kwa saa likiwa limefunguliwa lote. Watu wawili wanaopika asubuhi na jioni watakuwa na moto saa mbili kwa siku, tuseme gramu 300. Mtungi wa kilo 3 kwa hesabu hiyo unafika siku kumi, wa kilo 6 siku ishirini. Hesabu ya karatasi hiyo. Weka upepo wa Serengeti, weka maharage ambayo hukuyachemsha nyumbani (chemsha nyumbani, tafadhali), weka maji ya kuoga, inapungua haraka. Kwa wawili wa wiki moja sehemu za joto, kilo 3 inatosha na inaingia chini ya kiti. Kwa Ngorongoro nampa mtu kilo 6 hata kama hataimaliza, kwa sababu mtungi mkubwa una chuma kingi na kimiminika kingi cha kutoa joto, haugandi upesi kama mdogo. Wa kilo 15 siupakii kwenye gari la kambi. Ni mzito kushusha na kupandisha, na barabara ya kwenda Naabi Hill, kwa wanaoijua ile mitetemo yake, itautafutia njia ya kutoka.

Kuhusu mitetemo, kuna wanaosafiri na jiko likiwa limefungwa juu ya mtungi vilevile. Vua. Funga valvu ya mtungi, rudisha kifuniko chake, simamisha mtungi wima, ufunge kwa mkanda. Ukifika kambini, kabla ya kiberiti, paka povu la sabuni kwenye maungio na utazame kama linatoa mapovu. Gesi hizi zote mbili ni nzito kuliko hewa, zikivuja hazipandi, zinatulia chini kwenye sakafu ya gari zikisubiri cheche. Karavani za wenzetu zina kijumba maalumu cha mtungi chenye matundu chini, ili gesi iliyovuja idondoke nje. Magari tunayoyakodisha hapa mengi hayana, pamoja na ya mabosi wangu fulani ambao tumebishana sana. Kwangu mtungi unakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na usiku unalala nje. Jiko halipikiwi ndani ya hema hata mvua inyeshe vipi, na asiwepo wa kuliwasha ndani ili apate joto. Kinachoua hapo ni kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu na haimwamshi mtu.

Nigusie na wageni wanaokuja na magari yao kwa njia ya nchi kavu. Wanafika Arusha na gari la nyumba la Kijerumani au la Kiingereza, lina oveni, lina friji ya gesi, na mtungi wake wa kwao umekwisha tangu nchi mbili nyuma. Hakuna duka litakaloubadilisha. Wenye vile vimtungi vya buluu vya Campingaz ndio kabisa. Wanaokuja kwa ndege hawaruhusiwi kubeba kopo la gesi hata dogo, wanatua KIA na jiko zuri lisilo na chakula. Hata anayetoka Kenya tu, amevuka Namanga na mtungi wake wa kilo 13, hapa kwetu mtungi mkubwa wa nyumbani ni kilo 15 na wake haubadilishwi. Ninachowafanyia ni kuacha mfumo wao kama ulivyo na kuwanunulia mtungi wa hapa, na regyuleta ya hapa inayokaa kwenye valvu yake, halafu mpira mpya mpaka kwenye bomba la gari lao, baada ya kusoma jiko lao linataka milibari ngapi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Wasichotakiwa kufanya, na kuna vijana mjini wanaowashawishi, ni kumiminiwa gesi kutoka mtungi hadi mtungi, mkubwa umepinduliwa miguu juu, mdogo uko chini, mpira katikati. Mtungi haujazwi mpaka juu. Kiwandani huachwa nafasi, kama sehemu moja ya tano hivi, kimiminika kipate pa kutanukia joto likipanda. Anayemimina uchochoroni ataijuaje hiyo nafasi, na gari litaegeshwa juani Seronera kutwa nzima?

Mwandishi wenu aligusia pia kwamba gesi ya mitungi itashuka bei kwa kuwa tunayo yetu Songosongo na Mnazi Bay. Ile ni gesi asilia, kwa sehemu kubwa methani, inapita kwenye bomba, inaendesha mitambo ya umeme, na kwenye magari inashindiliwa kwa presha ya bari 200. Haigeuki kimiminika kwa presha ndogo ya mtungi wa jikoni. Ya mitungi inakuja kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga.

Ombi langu, basi, ni dogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi mwisho wake utakapofika, na gesi ya mitungi inahubiriwa kila mkutano. Vizuri. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na Shirika la Viwango wazitake kampuni ziandike kwenye lakiri, au kwenye karatasi ya mtungi, uwiano wa propeni na buteni wa gesi iliyojazwa. Si gharama. Anayejaza anaujua, maana aliyemuuzia shehena alimpa karatasi zake. Na kampuni itakayokuwa ya kwanza kuleta mtungi wenye propeni nyingi kwa ajili ya watu wa milimani na wapiga kambi, ikauandika hivyo, mimi nitaununua hata kwa bei ya juu kidogo, na najua wapishi wa mlimani hapa Arusha na Moshi watakaopanga foleni nyuma yangu.

Wauza duka nao wasiache mizani uvunguni. Yule kijana aliyetupimia aliokoa jina lake siku ile kwa dakika tano za kazi. Angekuwa hana mizani, yule baba angerudi Dar es Salaam akiwasimulia watu kwamba Arusha wanapunja, na angeaminiwa.

Mwandishi wenu simkatazi kuendelea kuandika, ana kalamu nzuri. Julai nitakuwa na gari linalokwenda kulala Simba, lina nafasi moja. Aje na sweta. Mtungi atachagua mwenyewe dukani, wowote aupendao, na chai ya saa kumi na mbili asubuhi atapika yeye.

Fundi wa magari ya kambi,
Njiro, Arusha.